Barbados na familia ya watu watano: gari tukodi au tupande ZR (daladala za huko), na tutakula wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Brampton, Kanada, pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka sita na kumi. Shule zikifungwa, mwanzoni mwa Julai, tunakwenda Barbados, kisiwa cha Karibiani, kwa siku nane. Mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, atakuwa nasi. Tumekodi kijumba chenye jiko maeneo ya Worthing. Mume wangu anataka tukodi gari siku zote nane, mimi naona ni hasara. Halafu kuna suala la chakula. Tunasikia kisiwa ni ghali mno, na sisi hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Kuna wanaotuambia tungechukua hoteli ya kulipia kila kitu kwa mkupuo tukapumzika na hesabu. Tufanyeje?

JIBU: Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Na kabla ya gari na chakula kuna jambo linalomhusu yeye. Angalieni viza yake ya Kanada kama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kama ni ya kuingia mara moja, akishatoka kwenda Barbados hana njia ya kurudi Brampton bila kuanza upya. Ulizeni pia idara ya uhamiaji ya Barbados masharti ya sasa kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, msitegemee mtu aliyesafiri miaka ya nyuma. Hilo likishakaa sawa, tuendelee.

Naona wewe na mume wako mnabishana kuhusu gari, na chakula mmekiweka kando kama swali la pili. Barbados hayo ni swali moja. Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake kilomita 34 na upana kilomita 23, lakini chakula chake kina siku zake na mahali pake. Ukishapanga Ijumaa mnakula wapi na Jumapili mnakula wapi, utaona wazi siku zipi mnahitaji gari na siku zipi litalala nje ya nyumba huku mnalilipia. Mimi ningekodi gari siku mbili, tatu mkizidi. Siku zilizobaki mchana pandeni vyombo vya umma, usiku chukueni taksi.

Mmebahatika, au pengine mlichagua kwa akili, kukaa Worthing. Iko pwani ya kusini, parokia ya Christ Church (kisiwa kimegawanywa katika parokia kumi na moja), kwenye barabara kuu namba 7 inayotoka mji mkuu, Bridgetown, kwenda Oistins. Barabara hiyo ndiyo yenye magari mengi ya abiria kuliko nyingine nyingi kisiwani. Mngekuwa mmekodi nyumba mashambani huko Saint John au Saint Andrew, ningekubaliana na mume wako bila kubisha.

Vyombo vya umma ni vya aina tatu. Kuna mabasi makubwa ya serikali, ya buluu yenye mstari wa njano. Kuna mabasi madogo ya watu binafsi, ya njano yenye mstari wa buluu. Na kuna ZR, vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, vinavyoitwa hivyo kwa sababu namba zake za usajili huanza na herufi hizo. Nauli ni moja kwa vyote, dola 3.50 za Barbados, uende kituo kimoja au uvuke kisiwa kizima. Sarafu yao imefungwa na dola ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja, kwa hiyo kichwa kimoja ni dola 1.75 za Marekani. Kwenye basi la serikali muwe na pesa kamili, maana chenji hawarudishi. Mabasi ya njano na ZR hurudisha.

Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuelezewa ZR. Muziki juu, utingo mlangoni, na kiti ulichodhani kimejaa hupata mtu mwingine. Huenda kasi na hutaona mkanda. Njia yenu ni namba 11, ya Silver Sands, inayopita pwani yote hiyo ya kusini: Hastings, Worthing, Saint Lawrence Gap, Oistins. Mchana hamtasubiri muda mrefu. Kwa wewe, mume wako na mtoto wa miaka kumi ni burudani. Kwa mama na yule mdogo ningechagua basi la buluu. Tangu 2020 serikali imeleta mabasi ya umeme, yana nafasi na kiyoyozi, na kuyapanda si kazi kwa mtu mzima.

Vituo vina kibao cha duara. Kimoja kimeandikwa kwamba magari yanaelekea mjini, cha upande wa pili kwamba yanatoka mjini. Mkono lazima unyanyuliwe, basi halisimami kwa kuwa tu umesimama pale. Ukipanda, salimia. Huko mtu akiingia kwenye basi, duka au zahanati bila salamu huonekana hakulelewa, na usiku salamu yao ni ileile ambayo Wakanada huitumia kuagana, msidhani mnafukuzwa. Mama atakuwa nyumbani kabisa kwa jambo hili, watoto wa Brampton ndio wa kukumbushwa.

Ugumu wa usafiri wa umma ni kwamba njia nyingi hukutana Bridgetown, lakini si stendi moja. ZR za kusini hutia nanga stendi ya Constitution River. Mabasi ya kaskazini, yale ya Holetown na Speightstown, huondoka Princess Alice, upande wa pili wa katikati ya mji, mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Kwa watu wazima wawili si tatizo. Mkiwa na mama na mtoto wa miaka sita jua la saa saba mchana, itawachosha. Fanyeni safari hiyo asubuhi, na mpitie mjini taratibu. Bridgetown ya kale pamoja na kambi yake ya kijeshi ya Garrison iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na Barabara ya Swan kwa vibanda vyake inampendeza mtu wa soko kuliko Broad Street ya maduka ya watalii.

Taksi hazina mita. Namba zake huanza na Z peke yake, na nauli hupatanwa kabla mlango haujafungwa. Uwanja wa ndege wa Grantley Adams kuna mpangaji wa taksi na bei zilizobandikwa, zisomeni kwanza, na muulize bei imesemwa kwa dola ipi, ya Barbados au ya Marekani. Swali hilo ulizeni kila mahali, kuanzia taksi hadi samaki, kwa sababu ukosefu wake ndio unaofanya wageni walipe mara mbili. Kumbuka pia mko watano: ZR kwenda mahali ni dola 17.50 za Barbados kwa familia nzima. Taksi ya safari fupi usiku haitaizidi sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kumsimamisha mama kituoni saa tatu usiku ili kuokoa visenti.

Sasa gari. Wanaendesha kushoto, kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo kati yenu aliyejifunzia udereva nyumbani ndiye akae kwenye usukani, hata kama Brampton dereva wa familia ni mwingine. Leseni ya Kanada peke yake haitoshi. Kuna kibali cha udereva cha mgeni, na kampuni ya kukodisha hukitoa papo hapo kwa ada. Gari la kukodi lina namba inayoanza na H, kila mtu barabarani anajua ninyi ni wageni, na hilo ni faida: watawapisha. Mkipishwa, honi fupi ni asante. Si matusi, msijibu kwa hasira. Semeni mapema kwamba mnahitaji kiti cha mtoto. Vituo vya mafuta msihangaike kutafuta cha bei nafuu, bei hupangwa na serikali na ni sawa kote.

Ugumu ni barabara za ndani. Nje ya barabara kuu ya ABC, inayotoka upande wa uwanja wa ndege na kuzunguka nyuma ya Bridgetown, njia ni nyembamba, miwa imesimama pande zote mbili, na kona hazionyeshi kinachokuja. Ramani ya simu haijali. Ikiona njia ya matrekta shambani inaihesabu kuwa njia ya mkato. Mkijikuta kwenye vumbi jekundu kati ya miwa, rudini nyuma, msiendelee kwa kuwa simu imesema. Barabara ya ABC yenyewe ina vipilefti vingi, kadhaa vikiwa na majina ya wachezaji wa kriketi, na watu huelekeza kwa majina hayo badala ya namba za barabara. Kimoja kina sanamu ya mtumwa aliyekata minyororo. Wenyeji humwita Bussa, kwa jina la kiongozi wa uasi wa watumwa wa 1816, na ukipotea, sanamu hiyo ni alama nzuri ya kuulizia.

Siku za gari nakushauri ziwe Jumapili na siku moja ya katikati ya wiki. Jumapili kwa sababu mabasi hupungua na migahawa mingi hufungwa, huku chakula kizuri zaidi cha wiki kikiwa ni mlo wa mchana wa siku hiyo. Ni siku ambayo kila nyumba ina kuku wa kuoka, makaroni ya kuoka na jibini yaliyokatwa vipande kama keki, na wali wa mbaazi. Migahawa michache inayofungua huweka meza ya kujipakulia. Nendeni pwani ya mashariki, Bathsheba, ambako mawe makubwa yamesimama ndani ya maji na Atlantiki inapiga bila kizuizi chochote. Basi la buluu huenda huko kutoka stendi iliyo mtaa wa Fairchild, Bridgetown, lakini likikuacha utasubiri sana, na sehemu za kula ni chache. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani uweke meza. Na watoto wasiogelee Bathsheba. Waangalie mawimbi, wachezee madimbwi yaliyo kati ya miamba, basi. Kuogelea ni kusini kwenu au magharibi, ambako bahari imetulia.

Siku ya pili ya gari iendeni kaskazini kwa kupitia pwani ya magharibi, hadi pango la Animal Flower huko Saint Lucy ikiwa bahari imeruhusu kushuka, kisha mrudi kwa ndani kupitia pango la Harrison katika Saint Thomas. Pwani ya magharibi ndiyo ya matajiri. Migahawa ya Holetown ni mizuri, sisemi si mizuri, lakini orodha nyingi huandikwa bei kwa dola za Marekani na watoto wenu watakula viazi vya kukaanga kwa bei ya nguo. Pitieni, ogeleeni (fukwe zote za Barbados ni za umma, hata ile iliyo mbele ya hoteli ya mabilionea), kisha kuleni Speightstown, mji mdogo usiojipamba sana.

Ijumaa hamhitaji gari, na kwa kweli gari litawasumbua, kwa sababu Ijumaa ni Oistins. Ni mji wa wavuvi, na soko lake la samaki liko pale pale ufukweni. Jioni vibanda huwasha majiko ya mkaa, na samaki huchomwa au kukaangwa mbele yako: nduaro, jodari, nguru, fulusi. Ukiona kwenye ubao neno ambalo Kiingereza cha shuleni kinakwambia ni pomboo, usishtuke, ni fulusi. Sahani huja na vitu viwili vitatu vya pembeni, nayo ni kubwa, sahani tatu zitawatosha ninyi watano. Fikeni saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili foleni za vibanda maarufu huwa zimevuka njia, na ladha ya kibanda cha jirani kisicho na foleni, kwa ulimi wangu, haina tofauti ya kusubiria saa nzima. Bebeni pesa taslimu. Baadaye usiku pombe huzidi na muziki hupanda, lakini saa za mwanzo ni za familia, na kuna kona ambako wazee hucheza dansi la kushikana, wamevaa vizuri, wanajua hatua zao. Muwekeni mama karibu na kona hiyo. Kurudi, taksi.

Wavuvi wa hapo walipata pigo Julai 2024, kimbunga Beryl kilipopita kusini ya kisiwa na mawimbi yake kuvunja mashua nyingi, Bridgetown na Oistins. Nakutajia kwa sababu mnakwenda mwezi uleule. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Barbados iko mashariki kuliko visiwa vingine vya Karibiani na vimbunga vingi huikosa, lakini bima ya safari inunueni, na mnunue kabla kimbunga hakijapewa jina.

Jumamosi kisiwa kizima hula nguruwe: nyama iliyochemshwa na kuachwa kwenye ndimu na matango, pamoja na viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke, ambavyo kwa asili hujazwa kwenye utumbo wa nguruwe. Kwenu ninyi Jumamosi basi iwe siku ya jiko. Asubuhi mtoke kwenda soko la Cheapside, Bridgetown, mnunue maembe (Julai yapo), boga, viazi vitamu, ndizi za kupika na mashelisheli. Naam, mashelisheli yaleyale ya Pwani. Yalifikishwa Karibiani 1793 kutoka Tahiti ili yawe chakula cha gharama ndogo kwa watumwa, na leo hupikwa kwa kila namna: kuchomwa mzima juu ya moto, kukaangwa, kupondwa, na kuchachushwa kwa ndimu na tango. Mama ataona wanakosea kutoyaweka nazi, mwachieni jiko.

Hapo nafika kwenye halali na haramu, na hapa nataka usome taratibu, kwa sababu hatari si sahani yenye jina la nguruwe, hiyo mtaiona. Hatari ni wali wa mbaazi. Wapishi wengi huweka kipande cha mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi ndani ya sufuria ili kuleta ladha, na kikishatolewa huoni kitu. Supu na michuzi ya nafaka pia. Ulizeni kila mara, kwa jina, kama kuna mkia wa nguruwe. Ukiuliza tu kama kuna nguruwe, mpishi anaweza kujibu hapana kwa nia njema, kwa sababu yeye anafikiria nyama, si kiungo. Ramu, pombe ya miwa, nayo hujificha kwenye keki nyeusi ya matunda na kwenye mchuzi unaomwagwa juu ya pudini ya mkate. Mikahawa midogo mingi pia ni vilabu vya ramu vinavyouza chakula. Kununua samaki dirishani na kuondoka inawezekana, kukaa ndani na watoto ni uamuzi wenu.

Kwa upande mwingine, kisiwa ni cha samaki, na hilo peke yake linawaokoa. Barbados ina Waislamu, wengi wao wa asili ya Gujarati, wazee wao wakiwa wafanyabiashara walioanza kufika mwanzoni mwa karne ya 20. Msikiti wa Kensington New Road uko Bridgetown, si mbali na uwanja wa kriketi wa Kensington Oval. Mume wako akienda Ijumaa kuswali, atoke na majibu ya maswali mawili: kuku wa halali huuzwa duka gani, na nani anapika. Maneno ya waumini mlangoni ni mapya kuliko orodha yoyote nitakayokupa. Tafuteni pia vibanda vya Marasta wanaopika chakula chao cha mimea. Hawaweki nyama, na wengi hupunguza chumvi au huiacha kabisa, kwa hiyo bebeni ndimu na pilipili yenu.

Chakula cha taifa hakina tatizo kwenu. Ni kuu-kuu na samaki anayeruka. Kuu-kuu ni ugali wa mahindi ya njano uliosongwa na bamia kwa mwiko bapa wa mbao hadi ulainike na kung'aa, na samaki huviringishwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya mchuzi wa nyanya, vitunguu na majani ya kunukia. Msimu wa samaki huyu ni Desemba hadi Juni, hivyo Julai mnaweza kupewa wa barafu, si mbaya. Onyesheni watoto sarafu ya dola moja, amechorwa pale. Barbados ilibishana na Trinidad na Tobago kuhusu bahari anamovuliwa mpaka wakafika kwenye usuluhishi wa kimataifa, uamuzi ukatolewa 2006.

Mchana wa kawaida msiketi mgahawani kabisa. Kuleni mkate mdogo wa duara wenye samaki ndani, unaouzwa kwenye vibanda vya ufukweni. Cha Cuz's, karibu na ufukwe wa Pebbles, kina sifa hata kwa wenyeji, na ZR namba 11 huwashusha jirani. Au bajia za samaki mkavu wa chumvi, mbili ndani ya mkate. Pilipili yao ni ya njano, imesagwa na haradali, na ni pilipili mbuzi hasa. Mtoto wa miaka kumi asionyeshe ushujaa. Watoto wakianza kulilia vyakula vya haraka, kuna Chefette, kampuni ya hapo hapo kisiwani tangu 1972, yenye sehemu za kuchezea kwenye matawi yake mengi. Roti zao, chapati iliyofungiwa mchuzi mzito, zipo za viazi bila nyama, na ndizo ningewashauri ikiwa kuku hamna uhakika naye. McDonald's ilijaribu kufungua Barbados mwaka 1996 na ikafunga mwaka uleule.

Vinywaji: maji ya bomba yanakunywika bila wasiwasi, yamechujwa na mawe ya matumbawe ambayo kisiwa kimekaa juu yake. Jazeni chupa nyumbani, msinunue. Barabarani mtaona wauza madafu. Kuna kinywaji cha maganda ya mti kiitwacho mauby, kichungu mwishoni, ambacho nadhani mama atakipenda na watoto watakitema.

Ughali mnaousikia ni wa kweli, lakini hauko sawa kila mahali. Sehemu kubwa ya vitu vya dukani huletwa kwa meli, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 17.5. Jibini, nafaka za asubuhi za maboksi, maziwa ya watoto: hivyo vitakushtua, leta vikavu kutoka Brampton kadiri forodha inavyoruhusu. Vya kisiwani havishtui. Kwenye mgahawa wa kukaa, someni chini ya orodha: mara nyingi asilimia 10 ya huduma huongezwa kwenye hesabu, na ikishaongezwa bahashishi si lazima. Ndiyo maana kwenye wiki yenu ningeweka mgahawa wa kukaa mara mbili tu, moja ikiwa Saint Lawrence Gap, ambako mnaweza kufika kwa miguu jioni kama mama hajachoka.

Kuhusu hoteli ya kulipia kila kitu kwa mkupuo: sehemu kubwa ya bei yake ni pombe isiyo na kikomo, na ninyi hamnywi. Mngekuwa mnawalipia jirani zenu wa meza. Wenye sababu ya kuichukua ni wanaokwenda kulala ufukweni wiki nzima, na hata hao huishia kutoroka Ijumaa kwenda Oistins, wakalipa chakula mara mbili.

Mambo mawili ya usalama yanayohusu watoto. Nguo za mabakamabaka ya jeshi ni kosa la jinai Barbados kwa raia, hata kaptura ya mtoto, hata mkoba. Zitoeni kwenye masanduku kabla ya safari. Na ufukweni kuna mti uitwao manchineel, wenye vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Vina sumu, na utomvu wake huunguza ngozi. Mingi imepigwa mstari mwekundu kwenye shina, lakini si yote. Mvua ikiwanyeshea ufukweni, lowaneni. Msikimbilie chini yake.

Pesa: chukueni dola za Barbados kwenye mashine ya benki mkifika, na kiasi cha dola za Marekani. Za Kanada acheni nyumbani. Dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, ila chenji mtarudishiwa za Barbados, na hizo nje ya kisiwa ni taabu kuzibadilisha. Siku ya mwisho zimalizeni kwenye duka kubwa la Worthing, mkinunua chupa za ile pilipili ya njano, na mziweke kwenye masanduku yanayopelekwa chini ya ndege, kwa sababu kwenye begi la mkononi watawanyang'anya.